Kabla Hujaulaza Uso Wako Chini ya Leza

Mdogo wangu, swali ninaloulizwa siku hizi kuliko yote ni hili: "Dada, nikipigwa leza, madoa yangu yataondoka?" Ananiuliza binti ambaye harusi yake imebaki mwezi. Ananiuliza mama aliyejifungua salama lakini akabaki na mabaka mashavuni tangu mimba. Ananiuliza mwanafunzi wa chuo mwenye alama za chunusi, na ananiuliza dada aliyeacha mkorogo mwaka jana, mashavu yake sasa yameota sugu. Nawajibu wote kwa swali jingine, na najua halifurahishi kulisikia ukiwa umeshatunza pesa: hilo ni doa la nini?

Leza ni tiba ya kweli. Siji hapa kukuambia ni uongo wa mjini. Lakini ni tiba inayochagua ugonjwa, inayochagua ngozi, na zaidi ya yote inategemea mkono unaoishika. Uso ule ule unaweza kutoka chumba kimoja ukiwa umetakata na ukatoka chumba cha pili ukiwa na alama zitakazokaa miaka. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze taratibu, ili siku ukienda uwe unajua unachokiendea.

Rangi ya ngozi yetu inatokana na melanini, chembe za rangi zinazotengenezwa ndani ya ngozi na kusambazwa juu yake. Doa jeusi ni mahali ambapo melanini imezidi, au imezama chini kuliko inavyotakiwa. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Boston, Marekani, Rox Anderson na John Parrish, walieleza jambo ambalo ndilo msingi wa leza za ngozi hadi leo: ukichagua mwanga wa aina moja unaonywewa na kitu fulani ndani ya ngozi, ukaurusha kwa muda mfupi mno, kile kitu kitapasuka kwa joto kabla joto halijasambaa kwa majirani zake. Ndiyo maana mashine za madoa hupiga mwanga kwa muda unaohesabika kwa sehemu za bilioni za sekunde. Chembe za rangi zinavunjika, mwili unazisomba kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na doa linafifia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo dada zetu wengi wanapoumia. Mwanga wa leza hautambui doa. Unatambua melanini. Kwa mzungu mwenye doa la kahawia, melanini nyingi iko kwenye doa, na ngozi inayolizunguka haina kitu kikubwa cha kunywa ule mwanga. Kwako na kwangu, melanini iko uso mzima. Anika nguo nyeusi na nyeupe kamba moja, jua moja, kisha zishike saa saba mchana. Utajua ngozi yetu inavyopokea mwanga mkali. Joto likizidi, ngozi nzima inaungua, na ngozi nyeusi ikiungua au hata ikikereka tu, hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Unakwenda kuondoa doa, unarudi na doa jipya lenye umbo la mashine.

Utasikia wataalamu wakisema "ngozi aina ya tano" au "aina ya sita". Mpangilio huo ulitoka kwa Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975, akizigawa ngozi kwa jinsi zinavyoitikia jua. Mwanzoni zilikuwa aina nne tu, zote za weupe; ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa ya tano na ya sita. Nakueleza hili ili usione aibu kuuliza: "Mashine hii na kipimo hiki vinafaa ngozi aina ya sita?" Ni swali la kitaalamu kabisa, na anayestahili kukugusa uso atalijibu bila kukasirika.

Kwa ngozi yetu, leza ambayo madaktari huiamini zaidi kwenye madoa inaitwa Nd:YAG, ikitumia mwanga wa nanomita 1064. Mwanga huo hauonekani kwa macho. Unazama chini zaidi, na melanini ya juu ya ngozi huunywa kidogo kuliko inavyonywa mianga mifupi. Mashine hiyo hiyo inaweza kubadilishwa itoe mwanga wa kijani wa nanomita 532, na huo hunywewa kwa nguvu sana na rangi ya juu ya ngozi; kwa mtu mweusi ni rahisi kuunguza. Zipo pia za nanomita 694 na 755, zinazotaka uangalifu huo huo. Kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi. Uliza namba.

Kuna kifaa kingine kinachozunguka kwenye saluni nyingi na watu hukiita leza wakati si leza. Kinaitwa IPL. Kinatoa mwanga wa rangi nyingi kwa mkupuo mmoja, na wenye ngozi nyeupe kimewasaidia. Kwa uso mweusi mimi sikishauri. Majeraha yake ukiyaona unayatambua: vipande vya mraba au mistari ya mstatili vilivyopangana shavuni, kila kipande na ukubwa wa kichwa cha mashine.

Turudi kwenye doa lenyewe.

Linaloleta watu wengi kwa daktari ni melasma. Ni mabaka ya kahawia au ya kijivu yanayokaa pande zote mbili za uso kwa kufanana, mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo, wakati mwingine puani. Wanawake ndio tunaopata ugonjwa huu zaidi. Mimba huuleta, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni huuchochea, familia nyingine zina asili nao, na jua ndilo linaloukoleza. Joto kali la mara kwa mara nalo madaktari hulihesabu, kwa hiyo mama anayekaanga chapati kutwa ana haki ya kulitaja jiko lake anapojieleza. Kama umetoka kujifungua, subiri kwanza. Kwa wengine mabaka hufifia yenyewe katika miezi ya baada ya uzazi, na hakuna sababu ya kuupiga leza uso ambao bado unajirekebisha.

Melasma haiponi moja kwa moja. Inatulizwa, inadhibitiwa, na ukiiachia inarudi. Seli zinazotengeneza rangi zimechangamka kupita kiasi, na leza inavunja rangi iliyokwisha tengenezwa bila kuzituliza hizo seli. Ndiyo sababu mtu anapigwa leza, uso unang'aa, anapiga picha, anaandika sifa; miezi michache baadaye mabaka yamerudi, na pengine yamekolea kuliko mwanzo. Huko Korea na Thailand walizoea kupiga Nd:YAG kwa nguvu ndogo, mara nyingi, wiki hadi wiki. Wengi walipata nafuu. Lakini madaktari wao wenyewe wameandika kuhusu wagonjwa waliopigwa mara nyingi mno wakaota vidoa vyeupe vidogo vidogo katikati ya mabaka, na vidoa vile ni vigumu kuvirudishia rangi. Kwenye uso mweupe vidoa hivyo havionekani sana. Kwenye uso wetu vitaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo kwa melasma leza haiji kwanza. Kwanza ni kujikinga na jua, kisha dawa za kupaka, kisha pengine vidonge, na leza inakuja nyuma kabisa kwa yule ambaye hayo yote yamemshinda, chini ya daktari wa ngozi, huku akiendelea na kinga na dawa. Mtu akikuambia leza pekee itaimaliza melasma yako kwa mara tatu, shika mkoba wako uondoke.

Dawa za kupaka zipo, na zinafanya kazi kwa mwenye subira. Asidi ya azelaiki ni nzuri na hata mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Tretinoini husaidia lakini mjamzito asiiguse. Tangu 1975, Albert Kligman na Isaac Willis wa Marekani walipochapisha mchanganyiko wao wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi, madaktari duniani wamekuwa wakitumia mchanganyiko wa namna hiyo kwa melasma. Najua unataka kuniuliza: "Lakini Dada, si haidrokwinoni ndiyo iliyopigwa marufuku?" Ndiyo, imepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu Tanzania, na Ulaya tangu 2001. Daktari akiiandika ni dawa: ina kipimo, inapakwa kwenye doa, inatumika kwa wiki zinazohesabika, anaifuatilia na anaisimamisha. Ile ya kwenye kopo la sokoni haina kipimo unachokijua na haina mwisho. Kuna pia vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi ambayo Wajapani waligundua mwaka 1979 kwamba inafifisha melasma. Hivyo usivinunue dirishani duka la dawa kwa ushauri wa shoga. Mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa, au anayetumia vidonge vya uzazi vyenye homoni, anaweza kupata madhara makubwa.

Sasa nije kwa wale wa mkorogo. Nakuja kwenu kwa upendo, kwa sababu najua mlivyosemwa. Mama mkwe kasema, mume kasema, mtaa umeshika midomo. Mimi sitakusema. Nataka tu uelewe kilichotokea usoni kwako, ili usikiongeze.

Mkorogo mara nyingi unachanganya vitu vitatu. Haidrokwinoni inazuia rangi kutengenezwa. Steroidi kali, zile za kutibu ukurutu na mapele, zinaipausha ngozi huku zikiichosha hadi inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana. Na zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wazima waliofika wamevimba miili kwa ugonjwa wa figo, na wengi wao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na bado makopo yanauzwa.

Lile sugu jeusi la samawati linaloota kwenye mifupa ya mashavu, pembeni mwa macho na shingoni, lililo gumu kidogo na lenye vipele vidogo ukilipapasa, nalo lina historia yake. Mwaka 1975 huko Afrika Kusini, Findlay na wenzake walieleza wanawake waliopata hali hiyo kwa kutumia krimu za haidrokwinoni kwa miaka. Krimu iliyonunuliwa kuondoa weusi ndiyo iliyouleta, na mtu anapoliona sugu anaongeza krimu ili alitoe. Huo mzunguko ndio unaoharibu nyuso. Hakuna leza itakayosaidia ukiwa bado unapaka. Ukiacha, itachukua muda mrefu. Kuna wagonjwa waliopata nafuu kwa Nd:YAG na leza za jamii hiyo, wengine nafuu kidogo, wengine hakuna. Daktari mkweli atakuambia hivyo kabla hujalipa.

Na ukiacha mkorogo wenye steroidi ghafla, uso unaweza kuwaka moto, kuwasha, kuota vipele, kubadilika rangi. Wengi hapo huogopa na kurudi kwenye kopo. Usirudi. Nenda kwa daktari akusaidie kuachana nao, kwani wakati mwingine inabidi kushuka polepole. Kipindi hicho ngozi iko dhaifu mno, leza ikae mbali kabisa.

Alama za chunusi ni jambo jepesi kidogo, nalo nawaambia wasichana wa chuo wasikimbie. Ngozi yetu ikipata chunusi, kidonda au kuungua inaacha weusi, na weusi huo kwa kawaida unafifia wenyewe kwa miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Kinachoufanya usiishe ni chunusi mpya zinazoendelea kutoka, vidole visivyotulia, na jua. Tibu chunusi kwanza. Kupiga leza alama huku chunusi zinaendelea ni kutupa pesa.

Halafu kuna madoa ambayo si madoa. Vile vinundu vidogo vyeusi vinavyotokeza mashavuni kwa watu wazima, kama unavyoviona usoni mwa mwigizaji Morgan Freeman, si ugonjwa wala si rangi iliyozidi. Ni vinyama vidogo visivyo na madhara na mara nyingi ni vya kurithi. Daktari anaweza kuviondoa kwa umeme mdogo, kwa kuvikata au kwa leza, lakini hata hapo aanze na vichache aone ngozi inavyopona. Na weusi mzito kama mahameli unaojitokeza shingoni, kwapani, wakati mwingine kwenye panja za uso, huo usiupeleke kwenye leza. Upeleke maabara ukapime sukari. Mara nyingi mwili unakuambia insulini yake haifanyi kazi vizuri.

Leza inang'ara hasa kwenye doa ambalo wengi hatulijui kwa jina. Kuna watoto wanaozaliwa na baka la bluu au la kijivu upande mmoja wa uso, kuzunguka jicho na shavu, hata weupe wa jicho unaingia rangi. Wengine linawatokea wakibalehe. Linaitwa baka la Ota, kwa jina la daktari wa Japani Masao Ota aliyelieleza mwaka 1939. Rangi yake imezama chini ambako krimu haifiki, na kabla ya leza watu hao hawakuwa na la kufanya zaidi ya kulifunika kwa vipodozi. Sasa wengi wao, kwa kupigwa mara kadhaa na kusubiri miezi katikati, baka linaondoka karibu lote. Kama una mwanao mwenye baka hilo, usihangaike na dawa za mitishamba. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na pia kwa daktari wa macho, kwa sababu presha ya jicho la upande huo inatakiwa kufuatiliwa.

Na wapo wenye shida ya upande wa pili, weupe. Mbalanga usoni huumiza moyo, nami huwa nafurahi kuwaambia wenye mbalanga kwamba upo mwanga wa nanomita 308 unaotumika kurudisha rangi, na uso ni moja ya sehemu zinazoitikia vizuri zaidi. Ila baka jeupe ambalo ukiligusa hakuna unachohisi, ambalo sindano haliisikii, nenda hospitali ukapimwe ukoma. Dawa zake ni za bure na zinaponya.

Umeshaona sasa kwa nini naanza na "hilo ni doa la nini". Aliye na uwezo wa kulijibu ni daktari wa ngozi au mtaalamu aliyesomea ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kimesomesha wataalamu waliosambaa hospitali nyingi za Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo hata ukiwa mkoani, ulizia hospitali ya rufaa kama ina kliniki ya ngozi na siku zake. Utalipa ada ya kumwona daktari, kiasi kidogo sana ukilinganisha na kile ulichotaka kumpa mwenye mashine.

Akikuambia leza inafaa, uliza bila haya. Nani atakayeishika mashine, yeye au msichana wa mapokezi? Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au kama uko Kenya, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno? Mashine ni ya nanomita ngapi? Amewatibu watu wa rangi yako, na unaweza kuona picha za nyuso hizo baada ya miezi, si baada ya siku? Dai majaribio: apige sehemu ndogo iliyojificha, mbele ya sikio au chini ya taya, kisha msubiri wiki nne au zaidi. Weusi wa kuungua hauji siku hiyo hiyo, unaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, hivyo anayejaribu asubuhi na kupiga uso mzima mchana hajajaribu chochote. Macho yako yafunikwe kwa kinga maalumu, si kwa pamba wala kitambaa. Leza inaweza kupofusha.

Nawe umwambie ukweli wote. Ujauzito, hata kama ni wa wiki tatu na hujamwambia mtu. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Makovu yako kama huwa yanavimba na kukua. Malengelenge ya mdomoni yanayokurudia, kwa kuwa leza inaweza kuyaamsha uso mzima. Vidonge vya chunusi unavyotumia au ulivyotumia miezi iliyopita. Na doa lolote linalokua, linalobadilika rangi, linalotoa damu au kidonda kisichopona, lisipigwe leza na mtu yeyote kabla halijachunguzwa. Leza inaweza kufuta juu na kuacha saratani chini.

Sikiliza pia maneno ya wenye mashine. Ukiona tangazo linasema leza "inakufanya mweupe", "inakutakatisha mwili mzima", funga. Lengo la tiba ya madoa ni uso uwe na rangi moja, rangi yako, ile aliyokupa Mungu na uliyokuwa nayo kabla doa halijaja. Anayekuahidi weupe anakuuzia mkorogo wa umeme.

Bibi harusi wangu, wewe wa mwezi mmoja, nakuomba usifanye. Weusi wa baada ya leza ukija, utakuja wiki ile ile ya kupima gauni. Mwone daktari, anza kinga ya jua na kipodozi kizuri cha kufunika, olewa, kula keki yako. Anayetaka leza kwa ajili ya harusi aanze kumwona daktari miezi sita kabla, ili kuwe na nafasi ya majaribio, ya kupona na ya kubadili nia.

Kuhusu jua, sitachoka kulisema, hata mkichoka kulisikia. Huku karibu na Ikweta jua ni kali mwaka mzima, na pesa yoyote utakayolipa kwa leza au krimu itaishia juani kama hujikingi. Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi, ipakwe kiasi cha vidole viwili virefu kwa uso na shingo, irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa mwenye melasma, tafuta ile yenye rangi ya kahawia kama fondesheni. Rangi hiyo inatokana na oksidi za chuma, na ndizo zinazozuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi nao unakoleza madoa. Losheni nyeupe ya kawaida haiuzuii vizuri. Kama hela haitoshi, kofia pana, mwavuli na ushungi uliovutwa mbele havina deni. Na kama wewe au mwanao ana ualbino, kule KCMC wanatengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yenu na huigawa bure. Ulizia kliniki zinazoifikisha.

Na kwa yule ambaye anasoma haya akiwa ameshaungua: mwagia uso maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, usiweke barafu moja kwa moja. Usipake dawa ya meno, wala limau, wala liwa, wala krimu aliyokupa yule yule aliyekuunguza. Usitumbue malengelenge. Paka vaselini safi, kaa mbali na jua, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Jicho likiuma au ukiona ukungu, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Kama ni wiki zimepita na weusi umetanda, bado kuna matumaini, kwa sababu weusi mwingi wa kuungua hupungua kwa miezi ukitunzwa. Usikubali "kurekebishwa" kwa leza nyingine haraka.

Siku ya kwenda kwa daktari usijipake kitu usoni. Chukua mfuko, tia ndani makopo yote unayoyatumia, sabuni, serumu, ile krimu isiyo na jina uliyopimiwa kwenye kopo la mgando, na vidonge vyote. Mwekee mezani. Hatakucheka, ameshaona mengi, na bila kujua ulichopaka hawezi kukutibu salama. Nenda wiki hii, mdogo wangu.